Kamera Mbili na Jicho la Kulia

Wiki ile kamera mbili zilikaa juu ya meza yetu ya chakula, nami nikala nimepakata sahani. Moja ilikuwa yangu, nzito na nyeusi, raba yake ya kushikia imebanduka na kurudishwa kwa gundi mara nyingi hata ikawa inanata kukiwa na jua. Nyingine ilikuwa ya kuazima, mpya zaidi na nyepesi mno. Nilipoishika mara ya kwanza nilidhani mwenye duka amesahau kutia betri.

Mwenye duka huyo yuko ghorofani hapa mjini Eldoret. Anauza kamera zilizotumika na kutengeneza zilizokufa, na kwa miaka yote niliyokula kutokana na picha, ndiye amekuwa fundi wangu. Nilikuwa nimempelekea malalamiko. Nilimwambia kamera yangu imeanza kunificha kona. Ukiweka jicho kwenye kile kidirisha cha kuchungulia, chini kabisa huwa kuna mstari wa namba zinazong'aa. Ya kwanza, upande wa kushoto, ni kasi ya picha. Inayofuata ni upana wa tundu la lenzi, halafu zinaendelea hivyo hadi kulia. Ile ya kwanza ilikuwa imezimika, na kona yote ya chini kushoto ilikuwa kama haipo.

Alichungulia, akaigeuza kamera huku na huku, akachungulia tena.

"Madam, mimi naziona zote."

"Basi wewe ndiye huoni vizuri," nikamwambia.

Alicheka, maana ananijua mdomo wangu. Kisha akanieleza kwamba kamera ikizeeka, kioo cha ndani kinaweza kulegea, hata unachokiona na kile kamera inashika vikawa tofauti. "Hii yako imefanya kazi ya punda," akasema. Akatoa ile nyepesi kabatini. "Enda na hii. Iko na skrini ya kufunguka hivi, unaona picha ukiwa umeishika kifuani. Jaribu wiki hii kisha uniambie. Ukiipenda tutaelewana."

Nilitazama skrini yake pale dukani na kila kitu kilionekana, kona zote nne. Nikafurahi sana. Kwenye kidirisha chake sikuweka jicho. Nilijiambia nina haraka.

Ningeweza kuivumilia ile kamera ya zamani kama si mambo ya Turbo. Kuna familia huko, watu waliotoka Mkoa wa Kati na kulima mahindi Turbo tangu kabla sijazaliwa, walioniita kupiga picha za ruracio, siku ambayo mahari ya binti yao ilikuwa ikipokewa. Katika siku hiyo kuna mchezo ambao kila mtu anaungoja. Wasichana wanafunikwa leso kuanzia kichwani, wanapangwa mstari, na bwana harusi anatakiwa amtoe mtu wake katikati yao. Haruhusiwi kugusa wala kusemesha. Akimfunua asiyemjua, aibu ni yake na faini ni ya ukoo wake wote. Mpiga picha anaweza kuharibu picha za chakula, za wazee, hata za keki. Ile ya kufunuliwa haharibu.

Binti yule ni mrefu. Shangazi zake, kwa ujanja wao, walimpanga mwisho kabisa wa mstari na kumwambia akunje magoti ndani ya leso ili urefu wake usimchongee. Bwana harusi alipita mmoja mmoja, wanawake wakimcheka na kumtisha, hadi akafika kwa yule wa mwisho, akainama akatazama vidole vya miguu. Binti alikuwa mwisho wa mstari, upande wa kushoto kwangu. Nililifunga jicho la kushoto kama nilivyofanya maisha yangu yote, nikaweka la kulia kwenye kamera, na leso ilipoinuliwa nikapiga mfululizo. Vigelegele vilikuwa vingi. Sikutazama nyuma ya kamera. Aliyenifundisha kazi, enzi za filamu, alisema mpiga picha anayechunguza picha zake mbele ya wageni anawaambia kwamba hajiamini.

Mama ya bibi harusi alikuja nyumbani kuziona. Akazipitia kwenye kompyuta polepole, akisifu. Kisha akasita kwenye picha moja.

"Hizi ni nzuri, Mama. Lakini hii ya kufunuliwa, msichana wangu ako wapi?"

Nilisogea. Bwana harusi alikuwa pale, anatabasamu, ameshika leso juu. Anayemtabasamia alikuwa sikio moja na nusu ya shavu, kule chini kwenye ukingo wa picha. Nikabonyeza iliyofuata, na iliyofuata. Zote zilikuwa hivyo. Nilikuwa nimepiga picha safi kabisa za wasichana watatu waliofunikwa leso.

"Ni kamera," nikasema. "Imezeeka."

Mama yule ni mtu mwenye adabu. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba harusi ya kanisani inakuja, na kama nitaweza, nije na ingine. Alipoondoka nilikaa mbele ya lile sikio hadi kompyuta ikajizima yenyewe. Sikuwa na huzuni tu. Niliogopa, na sikutaka kujiuliza ninaogopa nini.

Sasa ni lazima nimtaje mama yangu, kwa kuwa tunaishi wawili. Mama haoni. Alianza kupoteza macho akiwa na umri kama huu wangu, na alipokubali kupelekwa kwa daktari lilikuwa limebaki duara dogo la mwanga, ambalo nalo likafumba. Ilikuwa presha ya macho. Nyumbani yeye ndiye anayemimina chai, kidole kimoja ndani ya ukingo wa kikombe, na ole wako umwambie akuachie. Kila kitu kinachowekwa mezani lazima akipapase.

"Hii ndiyo yako," akasema, mkono juu ya raba yenye gundi. Akahamia kwa nyingine. "Na hii ni ya nani? Ni kama chombo cha watoto."

"Ya kujaribu. Yangu imeanza kunikatia watu."

"Inakata wapi?"

"Kona ya chini. Kushoto."

Mkono wake ukatulia. "Wewe huchungulia na jicho gani?"

"La kulia, mama. Kila mtu huchungulia na la kulia."

"Na lingine?"

"Nalifunga."

Akainuka kwenda jikoni kutafuta sukari, na sukari ilikuwa mbele yake, karibu na kidole chake.

Nilikaa pale nikasikia anafungua kabati na kulifunga, anafungua na kulifunga. Kisha nikachukua ile kamera nyepesi nikatoka nayo barazani. Mwanga ulikuwa mzuri, ule wa mchana wa Eldoret kabla mawingu hayajashuka. Mbele yangu kulikuwa na ua wa seng'enge, ng'ombe wa jirani, na mahindi yake yaliyoanza kutoa ndevu. Nikaomba Mungu kwa maneno machache, nikafunga jicho la kushoto, nikachungulia.

Namba ya kwanza haikuwepo.

Nikaitikisa ile kamera, nashangaa hata leo kwamba niliitikisa. Nikapangusa kidirisha kwa kanga. Nikachungulia tena. Nguzo ya seng'enge iliyokuwa kona ya chini kushoto haikuwepo. Siwezi kusema palikuwa na giza, giza ningeliona. Palikuwa hapana kitu, na jicho langu lilikuwa limepafunika kwa majani kana kwamba hapakuwahi kuwa na nguzo. Kamera mpya, kioo kingine, kiwanda kingine, na kona ni ileile.

Nikabadilisha jicho. Pua ikagonga skrini, mkono ukawa mzito kama wa mtu anayejifunza kuandika. Kwa jicho la kushoto namba zilijipanga zote, na nguzo ilisimama mahali pake na kutu yake.

Nikaketi kwenye ngazi. Kazi yangu ni kuona. Sina shamba, sina duka, na sijui kufanya kitu kingine chochote. Na ndani ya nyumba kulikuwa na mtu ambaye naujua mwisho wa macho yake, ninayemkata kucha na kumsomea majina ya dawa. Nilikuwa nikitazama siku zangu zijazo zikitafuta sukari. Mvua ikaanza, nikaiacha inilowanishe kidogo kabla ya kukumbuka kwamba kamera si yangu.

Ungedhani nilikwenda hospitali kesho yake. Sikwenda. Nilinunua kitambaa kipya cha kupangusia. Nililala sana, nikala karoti, nikajiambia ni uchovu wa kompyuta. Kila nilipopita mezani nilichukua mojawapo, nachungulia haraka kama anayetaka kumfumania mtu, na kila mara namba ya kwanza haikuwepo. Mama alisikia ninavyozichukua na kuzirudisha. Asubuhi moja nilimkuta amevaa koti na viatu vya kanisani, ameketi kwenye kiti cha mlangoni na mkoba mapajani.

"Twende," akasema. "Au niende peke yangu niwaambie wanipime mimi kwa niaba yako?"

Kwenye benchi la kliniki ya macho alinishika mkono muda wote, na yeye si mtu wa kushikana mikono.

"Mimi nilidhani ni balbu," akasema. "Nilibadilisha balbu za nyumba yote. Nikanunua zenye nguvu zaidi. Nikagombana na yule wa duka, nikamwambia anauza balbu mbovu."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba balbu ni mbovu?"

Waliniita. Waliniketisha mbele ya mtambo kama bakuli kubwa jeupe, kidevu kwenye kishikio, jicho moja limezibwa, na mkononi wakaniwekea kitufe. Nesi akanieleza: tazama katikati, kila ukiona nukta ya taa bonyeza. Nimebonyeza kitufe maisha yangu yote nikiona kitu kinachostahili, kwa hiyo nikajipa moyo kidogo. Walianza na jicho la kushoto. Taa zikaja, huku, kule, nikabonyeza na kubonyeza, karibu nifurahie.

Kisha jicho la kulia. Taa ilikuja, nikabonyeza. Ikaja nyingine. Halafu hakuna. Mtambo ule una mlio mdogo sana unapohamisha taa yake, kama sindano ya cherehani ikiguswa kwa mkono. Niliusikia mlio. Nikangoja taa. Nikausikia tena. Sikuwa nimewahi kuogopa kwa namna ile, maana nilijua kwamba mahali fulani ndani ya bakuli lile taa inawaka, ninaonyeshwa, na kidole changu kiko tayari, na sina cha kubonyeza. Nilitamani kudanganya. Nilitamani kubonyeza kila nikisikia mlio ili waniambie niko sawa niende nyumbani. Jasho lilinitiririka hadi kwenye kishikio cha kidevu. Sikubonyeza.

Daktari alikuwa msichana mdogo mwenye sauti ya upole, nikamchukia kwa dakika chache kwa sababu ya upole huo. Aliuliza kama kuna mtu wa familia mwenye shida hii. Nikamwambia ameketi nje kwenye benchi.

"Pole, Mama. Ile imeenda haiwezi kurudi. Lakini umekuja mapema kuliko wengi. Jicho la kushoto liko sawa. Utatia dawa ya matone kila siku, usiruke, na tutakuwa tukikupima. Tunataka kulinda ile imebaki."

"Itabaki?"

"Tutalinda," akasema. Nililiona jibu alilolikwepa, na sikumlaumu.

Nilirudi dukani kule ghorofani wiki ilipokwisha. Fundi aliniuliza nimeamua ipi, nikamwambia nitachukua mpya. Akafurahi, akaanza kunieleza jinsi atakavyoinunua ile ya zamani, kwamba bado vipuri vyake vinatafutwa. Nikamwambia hiyo siuzi.

"Lakini si ulisema imeharibika?"

"Haijaharibika," nikamwambia. "Nilikuwa nimeisingizia."

Harusi ya Turbo niliipiga kwa kamera nyepesi. Niliifungua ile skrini, nikaishika kifuani, macho yangu yote mawili wazi, na moja likanisaidia kwa kile ambacho lingine halina. Nilitazama nyuma ya kamera kila baada ya picha, mbele ya wageni wote, na aliyetaka kuona kwamba sijiamini aliona. Mama ya bibi harusi alikuja akasimama kando yangu, akachungulia skrini, akamwona binti yake mzima, kuanzia shela hadi viatu. Akanigusa bega akaenda zake.

Ile nzito iko mezani bado. Mama anaipapasa akipita, nami nimeacha kumkataza. Kila asubuhi nikishatia matone na macho yakishaacha kuwasha, ninaichukua, nafunga jicho la kushoto, naichungulia kwa la kulia nikiielekeza kwenye ua wa jirani. Sipigi picha. Natafuta namba ya pili, ile ya upana wa tundu la lenzi, ambayo sasa ndiyo ya kwanza kwangu. Jikoni mama huacha kukoroga, na najua anangoja sauti ya kamera ikirudi mezani.

"Iko?" huuliza.

Leo asubuhi ilikuwepo.