Honi Tatu za Lori Jipya

Mimi naogopa honi. Chekeni tu, lakini ukweli ndio huo, mtu mzima, dereva niliyezila barabara za Ufipa mpaka magoti yakalegea, nikisikia lori linapiga honi mara tatu naangalia chini natafuta pa kuficha uso, na kule njia ya Chala wapo wazee ambao mpaka leo wakiniona napita wanaweka viganja mdomoni, "Piii! Piii! Piii!", halafu wanashikana mikono kwa kicheko. Basi heri niseme mwenyewe, maana wakisema wao wanaongeza chumvi (wanadai siku ile nilivaa tai, sikuvaa tai mimi).

Ilikuwa miaka ile ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Mimi kwetu Mbeya, Mnyakyusa, nilikuwa dereva wa chama kimoja cha ushirika pale Sumbawanga mjini, nimepanga chumba kimoja kwa mama mkali anaitwa Mama Kostansia. Ushirika ukapata lori jipya, linanukia rangi, viti bado vimevikwa nailoni, na wiki inayofuata lilikuwa liende Dar es Salaam na mahindi, na dereva aliyechaguliwa ni mimi. Jamani, Dar! Tena nilikuwa na langu jambo. Nilikuwa nimepeleka posa kwa Mzee Sikazwe, ambaye nyumba yake iko kando ya barabara ya Chala, nimeomba binti yake Skolastika, na mzee akanijibu, "Nenda kwanza huko Dar. Ukirudi nitakujibu. Mimi namtaka mtu anayekwenda akarudi." Kwa hiyo wenzangu waliposema safari ya mahindi, mimi kichwani nilisikia safari ya mke.

Lakini lori jipya huliingizi safari ndefu hivihivi. Meneja akaniita akasema, "Ambakisye, hiyo injini bado ngumu, lazima izoee. Zunguka nalo leo kutwa, polepole, usivuke arobaini, na bodi iwe tupu. Tupu! Nikikuta hata kuku mmoja humo, Dar anakwenda mwingine." Nikasema sawa ndugu meneja. Sasa, mtu mwenye akili angezunguka upande wa Mollo, karibu tu na mjini, akarudi akala ugali wake. Mimi nikashika njia ya Chala. Na nilipoikaribia nyumba ya Mzee Sikazwe nikaibonyeza honi, mara tatu, ndefu, ile honi mpya sauti yake kama dume la ng'ombe, halafu nikapita taratibu kiwiko kiko dirishani, wala sikugeuza shingo (mchumba hatazamwi mbele ya baba yake), nikaenda hadi Chala nikageuza.

Kurudi, nakuta watu wamejaa barabarani. Wazee, kina mama, mikeka imefungwa, vyungu, mawe ya kusagia, kuku wamefungwa miguu, beberu mmoja anapiga kelele, na katikati yao Mzee Sikazwe amevaa koti lake la kanisani. Nikafikiri msiba. Lakini hakuna anayelia, na msiba gani watu wanakwenda na beberu? Nikasimamisha lori. Nikashuka, nikasema shikamoo baba, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayeumwa jino, akauliza, "Kumbe wewe ndiye waliyekutuma?"

"Ndiyo baba, nimetumwa mimi," nikasema kifua mbele. "Wameniamini mimi peke yangu."

Akatikisa kichwa, akawaambia watu maneno kwa Kifipa (mimi Kifipa changu kilikuwa cha kuombea maji tu), wakaanza kupakia.

Nikashangaa, nikazunguka lori, nikarudi palepale. Bodi iwe tupu, meneja kasema. Nikataka kunyanyua mkono niwazuie, na ndipo nikamwona Skolastika, ana furushi kichwani, macho mekundu, analia. Hapo akili yangu ikafanya kazi (laiti ingelala siku ile!). Nikajiambia, Ambakisye, wewe mgeni huku, huzijui mila za Wafipa, huenda mkwe akija na gari jipya ndivyo anavyokabidhiwa mke, na vyombo vyake, na majirani wanamsindikiza. Mbona analia? Bibi harusi asiyelia nani? Mzee kaamua kutongoja Dar! Furaha ikanipanda, meneja nikamsahau, nikaanza kupokea mizigo kwa mikono yangu mwenyewe, lete, mama, lete, shangazi, lete hicho kinu!

Kisha nikaona mama mkwe anakuja na mlango. Mlango wa nyumba, na bawaba zake. Nikauliza, "Mama, hata mlango?"

"Nimwachie nani?" akasema, akaupandisha.

Ukarimu gani huu, nikafikiri. Kwetu binti anaondoka na sufuria, hawa wanatoa mlango! Nikamfuata Mzee Sikazwe, nikamshika mkono kwa mikono miwili, nikapiga goti, nikasema, "Asante sana baba. Heshima hii sitaisahau."

Mzee akautoa mkono wake. "Unatushukuru?"

"Sana, baba."

"Haya," akasema, "serikali ni serikali." Akapanda mbele kwenye kebini akakaa na kibibi kikongwe, mama yake mzazi, na hakunitazama tena. Nami nikajiuliza serikali imeingiaje kwenye harusi, nikasema labda wamekwisha kwenda kuandikisha ndoa kwa mkuu wa wilaya, wazee wa huku wana utaratibu. Nikamuuliza tuelekee wapi, akasema, "Si wewe ndiye unayejua?" Basi mke anapelekwa wapi kama si kwa mumewe? Nikashika njia ya mjini, polepole, sikuvuka arobaini (hilo nililitii!), ulezi umesimama mashambani pande zote, upepo wa Ufipa unavuma, mimi naimba, nyuma kimya kama kanisani siku ya Ijumaa Kuu. Nikapiga na honi tena. Watu wa kitongoji kingine wakatoka mbio na mikeka. Nikawapungia mkono.

Nikalisimamisha mbele ya chumba changu. Watu wakaanza kushuka, wanatazama huku, wanatazama kule. Mama Kostansia akatoka ana mwiko mkononi. Yule kibibi nikamshusha taratibu, akasimama, akautazama ukuta, akaitazama shuka yangu kwenye kamba, akauliza kwa Kiswahili safi kabisa, "Hiki ndicho kijiji?"

Nikacheka, nikafikiri bibi ana utani. Hakuna mwingine aliyecheka.

"Mashamba yako wapi?" akauliza Mzee Sikazwe. "Walisema kila mtu ataonyeshwa kiwanja."

"Kiwanja gani, baba?"

"Ambakisye!" Huyo alikuwa Skolastika, na ndiyo mara ya kwanza kunena nami mbele ya baba yake, kwa hasira. "Walituambia lori litakuja tupu, linakwenda polepole, likipiga honi tatu kila mtu atoke na vyombo vyake. Umekuja tupu, umekwenda polepole, umepiga honi tatu. Kama hukuja kutuhamisha, ulitupigia honi ya nini?"

Ningesema nini? Nilitaka unione? Mbele ya baba, mama, bibi, Mama Kostansia na beberu? Nikasema hivyohivyo. "Nilitaka unione." Mama Kostansia akaangua kicheko mpaka mwiko ukamponyoka, na wakati huohuo nani anatokea kona ile na baiskeli yake? Meneja. Akalitazama lori, akautazama mlango, akawatazama kuku. Akanyoosha mkono nimpe ufunguo.

Niliomba, niliomba sana. Si Dar, Dar nilijua imekwenda, niliomba lori la zamani niwarudishe wale watu kwao, naye meneja kwa huruma ya wale wazee akakubali. Nikapakia mwenyewe upya kila chungu, nikawafikisha kwao, na ule mlango nikaupachika kwenye bawaba zake, mzee amesimama nyuma yangu anaukagua. Nikajua basi, Skolastika ndiyo kwaheri. Wiki iliyofuata nilisimama uani kwa ushirika nikaliona lori langu likiondoka na mwenzangu, na nilitokwa na machozi, sifichi.

Sasa sikieni. Lori lenyewe la kuhamisha lilikuja kweli siku chache baadaye, tupu, polepole, likapiga honi tatu. Hakutoka mtu! Kina mama wakaendelea kusonga ugali, wakasema huyo ni mkwe wa Sikazwe anapita na maringo yake. Likapiga, likapiga, likaondoka tupu, na hao wakubwa wa serikali hawakurudi mpaka baada ya mavuno, watu wakahama ulezi wao wote wamekwisha kuuvuna. Lakini kabla hawajahama, Mzee Sikazwe akanitumia mtu. Nikaenda na baiskeli, kengele nimeifungia kitambaa isilie hata kwa bahati mbaya, nikakaa chini, nikasema baba, Dar sikwenda.

"Nilisema namtaka mtu anayekwenda akarudi," akasema mzee. "Wewe ulitupeleka, ukaturudisha. Mlango unafunga vizuri."

Skolastika yumo ndani hapo anasikiliza, mwulizeni kama nimeongeza neno. Dar sijafika mpaka leo. Na tangu siku ile, nikienda kwa mtu nasimamisha gari mbali, nazima injini, natembea kwa miguu hadi mlangoni napiga hodi, maana hodi haijamhamisha mtu bado.