Tosha Moja, Mbwa Wawili Vipara

Jamani, haya hata mke wangu nilimficha miezi mitatu kwa aibu, na nisingeyasema leo kama si Papa Kalenga kuanza kuyasimulia pale kinyozini kwake mtaani Rosettenville, huku ugenini, kwa namna inayomfanya yeye aonekane mwerevu na mimi zuzu, kwa hiyo bora myasikie kwangu. Zuzu nilikuwa mimi kweli, ila si peke yangu.

Mwaka 2017 nilikuwa nafanya kazi kwenye hoteli ya mbwa, ndiyo, hoteli, wenyewe wakisafiri mbwa analala pale, anakula, anaogeshwa (na mimi Muislamu wa Tanga, glavu za mpira hadi viwikoni na kopo langu la udongo wa kujitoharishia pembeni, msicheke, kazi ni kazi). Bosi wangu, Bi Ronel, alinisomesha sana habari za mbwa soseji, wale warefu wa kiwiliwili wenye vijiguu vifupi. Alisema wa manyoya mafupi humpenda mtu mmoja tu na wageni anawang'ata, wa manyoya magumu kama brashi ni mtundu, anachekesha, na wa manyoya marefu ni mpole hata ukimlalia. Nikaishika ile elimu, kila mteja akija namhutubia kama daktari.

Wiki hiyo tulikuwa na ndugu wawili wa tumbo moja, wote madume, wote rangi ya kahawia, mbwa wa bibi mmoja mzee aliyelazwa kwa upasuaji wa nyonga. Botter alikuwa wa manyoya marefu, na jina lake kwa lugha ya bibi ni Siagi. Peper, yaani Pilipili, alikuwa wa manyoya mafupi, na alishamng'ata mara mbili Hennie, mwana wa bibi, mtu mzima na ndevu zake. Sasa bibi akitoka hospitali alikuwa anahamia kwa Hennie, na Hennie kaamua Botter ataishi nao ila Peper apelekwe shamba la mbali siku hiyohiyo. Bibi alilia kwenye simu, Bi Ronel akaniambia, na mimi roho iliniuma.

Ikafika Ijumaa, siku ya kuwachukua. Bi Ronel katoka, kaniachia kila kitu, naangalia Botter kajaa vishonanguo tumbo zima, kumchana ni saa nzima, na swala ya Ijumaa kule Mayfair hainisubiri, basi nikampigia Papa Kalenga aje anishikie. Huyu ni Mkongo wa Lubumbashi, rafiki yangu sana, kinyozi ambaye hatembei bila mashine zake. Nikamwambia awaogeshe wote, na huyu wa manyoya marefu amchane mpaka vishonanguo vitoke. "Ukishamchana, tosha," nikamwambia, nikavaa kanzu nikaondoka.

Narudi nakuta mbwa wawili vipara. Si mmoja, wawili, wekundu wa ngozi, wanatetemeka, na mikanda yao ya shingoni imevuliwa iko ndoo moja. Nikamuuliza Papa Kalenga amefanya nini, naye akaniangalia kwa huruma kabisa.

"Si weye mwenyewe ulisema tosha? Njo nilitosha yote."

Jamani. Kwetu tosha ni basi, imetosha, acha hapo. Kwao kutosha ni kutoa, na yeye katoa mpaka unywele wa mwisho, halafu huyo wa pili akampitishia mashine vilevile ili walingane wasioneane wivu. Nikamuuliza sasa yupi ni yupi, akasema eish, yeye aliwajua kwa nywele.

Gari la Hennie likaingia wakati huohuo, bibi kakaa mbele na mguu kaunyoosha, na wateja wengine wawili wako pale wanasubiri mbwa wao. Hennie akashuka na kamba mkononi, akataka nimpe Peper. Nikasema dakika moja, nikaanza kutumia elimu yangu (hapa ndipo ningejifungia chooni tu). Nikaita Peper, wakaja wote. Nikaita Botter, wakaja wote. Nikamshika kila mmoja mguu, maana mpole hukubali, wote wakaunguruma. Basi nikapiga magoti, nikawapungia pindo la kanzu puani, nikiamini mkali atajitokeza mwenyewe, na kweli akajitokeza, sema walijitokeza wote wawili, huyu kavuta kushoto huyu kulia, kanzu ikapasuka mpaka kiunoni nikabaki na bukta ya buluu mbele ya wateja. Mmoja akatoa simu akapiga picha.

Hennie uso ukawa mwekundu kuliko mbwa, maana hata yeye hakuweza kuwatofautisha. Ningeweza kunyooshea kidole yeyote tu, na ulimi ulikuwa karibu kusema, lakini nikaogopa, maana nikikosea namfukuza asiye na kosa maisha yake yote, na Hennie anabaki na yule wa kumng'ata. Nikasema, "Sijui. Samahani, mzee, sijui kabisa."

Bibi akasema kutoka garini nimletee mmoja, yeyote. Nikamweka mapajani mwake huku nimefumba macho, mbwa akanusa bandeji, akalaza kidevu pale pale. Nikaleta wa pili, akajibana pembeni ya ndugu yake kimya. Bibi akawapapasa vichwa, akamgeukia mwanawe.

"Hennie, kama ninyi wanaume wawili mmeshindwa kumjua mbaya ni yupi, basi hapa hakuna mbaya."

Hennie akawatazama mbwa, akaitazama bukta yangu, akaitupa kamba kiti cha nyuma na kuwasha gari. Wakaondoka wote wanne. Nilikaa chini palepale kwenye saruji, nikashusha pumzi ambayo sijawahi kuishusha, na Papa Kalenga akanifunika kiunoni kwa taulo la mbwa.

Bi Ronel alinigombeza lakini hakunifukuza, alhamdulillah. Na tangu siku hiyo mteja akiniuliza manyoya yapi yana upole, namwambia akae chini na mbwa mwenyewe, kwa sababu yule niliyemweka wa kwanza mapajani mwa bibi, mpaka leo sijui alikuwa nani.