Uzi Kwenye Kipanya

Dereva aliyeendesha malori miaka thelathini akianza kuogopa lori la kwenye gemu, ujue kuna jambo. Na Klachi, hivyo ndivyo wenzake walivyomwita, alikuwa anaogopa. Kiharusi kilimkuta akiwa kwenye usukani, lori likalala mtaroni, na mkewe akaitwa kwenda kutambua maiti. Akamkuta anapumua. Mguu wa kulia ndio uliolegea, na leseni ikachukuliwa.

Klachi akanunua kompyuta kuukuu, usukani wa plastiki na pedali zake, akawa anafanya mazoezi sebuleni. Alijiapiza kwamba siku atakayofunga breki kwa wakati mara kumi mfululizo, anakwenda kupimwa arudi barabarani. Akafika mara nane. Ghafla mambo yakaharibika: anakanyaga breki, lori linaganda, linashtuka, halafu puu, ukutani!

"Mguu umekufa, mke wangu," akasema, machozi yakimlenga.

"Pole, baba. Umeshaendesha vya kutosha. Pumzika."

Lakini Klachi si wa kuchezewa. Alilitazama lile gemu, akaliona zuri mno. Majani ya kando ya barabara unaweza kuyahesabu, nguzo zina vivuli, madimbwi yanaonyesha mawingu. Juzi hayakuwepo hayo! Kompyuta yenyewe inavuma kama birika, imepata wapi nguvu za urembo wote huo? Akafungua mipangilio ya picha. Vivuli, juu kabisa. Maji, juu kabisa. Majani, hivyo hivyo. Akashusha vyote hadi chini. Miti ikawa kama mafagio yaliyosimamishwa, lakini alipokanyaga breki lori likasimama pale pale. Ala! Kumbe aliyezidiwa na urembo ni kompyuta, si mguu!

Kesho yake vivuli vimerudi.

Akamshuku shemeji yake, fundi aliyemuuzia kompyuta. Mtu yule hucheka hata pasipo na kichekesho, na mimi wa namna hiyo siwaamini mpaka leo. Akampigia simu.

"Shemeji, unaingia kwangu kutafuta nini?"

"Mimi? Niko safarini wiki ya pili sasa. Kwani umeibiwa?"

Klachi akakata simu bila kuaga.

Zamani, akilala njiani, alikuwa akifunga uzi mwembamba kwenye mfuniko wa tangi. Akiamka akaukuta umekatika, anajua dizeli imenyonywa. Basi asubuhi ile akashusha vivuli, akafunga uzi toka kwenye kipanya cha kompyuta hadi mguu wa meza, akamwambia mkewe anakwenda kunyoa. Aliporudi uzi ulikuwa umekatika. Ndani alikuwemo mtu mmoja tu, mkewe, mpiga chapa wa kadi za harusi anayeshinda kwenye kompyuta ya kazini kutwa nzima. Alikuwa anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Kikulacho ki nguoni mwako! Hasira zikamkaba. Akaketi, akashusha vivuli mbele ya mkewe, akaanza kuendesha. Breki ya kwanza ikashika. Ya pili. Ya tano. Mkewe akawa anahesabu naye, midomo inacheza bila sauti. Ya kumi.

"Umeona?" akafoka. "Mguu wangu mzima!"

"Najua ni mzima," mkewe akasema, shati likimponyoka mikononi. "Ndiyo maana nilivirudisha vivuli. Sitaki kuitwa tena kutambua maiti."