Meza ya Baa Iliyokuwa Mtumbwi wa Pombe

Siku tulipokimbia kilima chetu cha Masisi, watu walibeba magodoro, masufuria na mbuzi. Mimi na kaka yangu, mama alitubebesha mtumbwi wa pombe. Ulichongwa na babu yake kwenye gogo moja, mrefu kuliko kitanda, mweusi kwa ndani, nao ulinuka ndizi mbivu hata ulipokuwa mkavu. Waliokuwa wakikimbia pamoja nasi walitucheka. Mmoja aliniuliza, "Kaka, munaenda kuvua samaki ku mulima gani?" Niliona haya mpaka tulipofika Mweso.

Huko mama aliendelea kupika kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kama alivyozoea. Ndizi aliziivisha shimoni, akazikamua kwa majani makavu, akamimina maji yake mtumbwini pamoja na unga wa mtama uliokaangwa, akafunika kwa majani ya migomba. Hakutia kitu kingine. Alilala kando ya mtumbwi, na asubuhi alituambia ulivyozungumza.

Mimi nilikuwa nimesoma sekondari, nikataka bia ya chupa. Nilinunua mapipa ya plastiki, kipimajoto na mashine ndogo ya kufunga vizibo kwa mfanyabiashara mmoja wa Butembo, ambaye pia aliniletea hamira ya kuichachusha. Maji ya ndizi niliyachemsha kwanza ili yawe safi. Bia yangu ilipendwa. Ndipo baa niliyofungua ikahitaji meza ndefu ya kuuzia, na mbao zilikuwa adimu. Nikamwomba mama mtumbwi.

"Kata," akasema. "Lakini mimi sasa nitasikia nini nikilala?"

Nilicheka. Nikaupasua kwa msumeno, nikapigilia mbao, upande mzuri juu, ule mweusi wa ndani chini. Vanishi nilipaka juu tu, kwa ubahili. Mama hakuishi kuona mavuno yaliyofuata.

Jamaa zetu walitoka Ntoto kwa miguu ili tuondoe matanga. Kwetu matanga hayaondolewi bila kasiksi ya nyumba ya marehemu. Watu wangerudi na kilio chao vilevile, na walitaka kurudi upesi kabla vita havijafunga njia. Ndizi tulizopata zilitosha pipa moja. Nilichemsha, nikapoza, nikatia unga wa mtama, nikamngoja mfanyabiashara na hamira yake. Ikaja habari kwamba malori yamezuiwa. Niliuliza hamira kila duka, hakuna. Kesho yake pipa lilikuwa kimya, na kilichokuwamo kilikuwa kitamu kama uji wa mtoto.

Nilikaa kwenye meza ile, nimelaza kichwa juu ya ubao, nikifikiri nitawaambia nini. Chupa zilikuwa zimemwaga maji, yakapenya kwenye nyufa. Nikasikia harufu ya mama anapofunua majani ya migomba asubuhi. Nilipitisha mkono chini ya ubao. Utando mweusi ulikuwa bado umeshika, na vidole vyangu vikanuka pombe.

Mke wangu alinikuta nimeipindua meza. Akauliza kama kilio kimenipanda kichwani.

"Pombe ya mama ingali humu," nikamwambia.

Alinusa kwanza. Kisha akachukua kisu. "Wateja watauliza meza imelewa nini, Papa," akasema, akaanza kukwaruza. Tulipata unga mweusi wa kujaza kiganja, tukaumimina pipani, tukafunika kwa majani ya migomba kama yeye.

Tuliwasihi jamaa wangoje kidogo. Sikuweza kulala mbali na pipa. Kulipokaribia kupambazuka niliweka sikio kwenye plastiki, nikasikia kama mvua ndogo juu ya majani, mbali, kisha karibu. Nilifunua. Povu lilikuwa limepanda, jeupe, likipumua lenyewe. Kitu kilichoamshwa na babu wa mama kilikuwa kimepita vita, msumeno wangu na misumari yangu, kikaamka. Niliogopa kukigusa. Nilimwamsha mke wangu, naye aliinama pale.

Shangazi, mkubwa wa jamaa wote, ndiye aliyeonja wa kwanza. "Njo yake, ya mama yenu mwenyewe," akasema, machozi yakimtoka. Akauliza mtumbwi uko wapi, akae karibu nao.

Nilimwonyesha zile mbao. Alizitazama, akanitazama mimi. Kisha aliburuta kiti chake, akakaa kando ya pipa, akaegemeza sikio.