Mstari na Tofali Lake

Kinyozi yule mtaani walimwita Mstari, maana akikuchonga paji la uso ungedhani kashika rula. Ndiyo sababu siku alipompasulia mteja njia nyeupe kutoka utosini hadi kisogoni, waliokuwa kwenye benchi walisimama wote kuangalia.

Aliyekuwa kitini ni muuza simu wa duka la pili, mtu wa soga. Alikuwa anasimulia kwamba zile mashine za gemu, anazouza pamoja na simu, hazina tena mnunuzi. Bosi wa kampuni kaulizwa kama watatengeneza nyingine, kazungukazunguka tu. Huenda wakaendelea, huenda wakafunga, hakuna ajuaye. Wakifunga, hata ule mtandao wa kuchezea na watu wa mbali utazimwa.

Mstari alikuwa amekivua kile kitana cha plastiki kwenye mashine ya kunyolea ili akipulize nywele. Aliposikia neno hilo, akairudisha mashine kichwani mwa mtu ikiwa tupu.

"Utazimwa?" akauliza.

"Ndivyo wanavyosema. Fundi, mbona kichwa kimeingia baridi?"

Ikabidi amnyoe kipara, bure. Muuza simu akaondoka akilalamika kwamba mkewe atamfungia mlango akidhani mgeni. Benchi zima likacheka. Mstari alibaki ameishika taulo, kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

Nyumbani Mstari alikuwa na mashine ya gemu kama zile, waliyoiita Tofali kwa weusi na uzito wake. Mkewe peke yake ndiye aliyejua Tofali lile limebeba nini. Mstari na kaka yake hawakuwa wakisemezana tangu kaka alipokiuza kiti cha chuma cha baba yao, kiti alichonyolea watu maisha yake yote, bila kumuuliza mdogo wake. Kaka akahamia mbali. Halafu Jumapili moja mtu akamwalika Mstari kwenye mpira wa gemu, jina lake Kisigino. Hilo lilikuwa jina la kaka la utotoni, kwa kupenda kutoa pasi za kisigino. Mstari akakubali. Tangu hapo wakawa timu moja kila Jumapili, hedifoni masikioni, na maneno yao yalikuwa ya mpira tu. Rudisha kati. Funga kushoto. Hata salamu hapana.

Wiki ile alilipangusa Tofali vumbi kila jioni. Mkewe akamwambia simu ipo, ampigie. Mstari akamtazama kama kaambiwa aruke ukuta. Angeanzia wapi? Kwenye gemu hakuna kuanza. Filimbi ikilia, nawe umeshaanza.

Jumapili ilipofika wakacheza kipindi cha kwanza kama kawaida. Cha pili, Kisigino akapata mpira, akasimama nao. Mstari akangoja pasi, haikuja. Mpinzani akaja akauchukua kama kitu chake, akaenda kufunga.

"Umesikia habari za hizi mashine?" kaka akauliza.

Mstari akaacha kubonyeza. Miaka yote hiyo hawajawahi kutoka nje ya uwanja.

"Nimesikia. Nimemharibia mtu kichwa."

Kaka akaguna, labda kicheko, labda siyo. Bao la pili likaingia, hakuna aliyekaba.

"Namba yangu unayo?"

"Niliifuta. Siku ileile ya kiti."

"Sawa," kaka akasema, na sauti ikashuka.

"Lakini haijatoka kichwani." Mstari akaitaja tarakimu baada ya tarakimu, polepole. Mkewe aliyekuwa anapita na ndoo akaitua chini taratibu, maji yasipige kelele.

Mara simu ya Mstari, iliyokuwa juu ya Tofali, ikaanza kuita. Kwenye kioo palikuwa na namba ileile aliyoitaja, haina jina. Akavua hedifoni. Akaiweka chini pedi ya kuchezea, na bao la tatu likaingia yeye akiwa ameshasema, "Kaka, shikamoo."