Siku Tisa Zilizozama Kwenye Wastani

Verna Haugen alikuwa msomaji wa namba za bwawa la matope ya mgodi, juu ya mji mdogo wa Tamlin, kaskazini mwa Minnesota. Kila asubuhi Duane Kivela alipima kwa ndoo maji yanayopenya ukingoni, Verna akaviingiza vipimo kwenye hifadhidata na kutoa mchoro wa wastani wa siku saba. Aprili ile mstari ulikuwa umelala kama nyoka aliyeshiba.

Jumanne Duane aliingia na tope miguuni, hata kofia hakuvua.

"Mama, mchoro wako unadanganya. Maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa."

"Una hakika? Au macho yamezeeka?"

"Haya, yamezeeka. Na ndoo je? Ilikuwa inajaa kwa dakika mbili. Leo hata chafya sijamaliza!"

Verna akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Akafungua amri ya SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, aliyoiandika upya wakati wa baridi. Alikuwa ameiagiza ipange siku kwa tarehe na itoe wastani. Fremu ya dirisha, yaani kila siku ihesabiwe pamoja na siku zipi, hakuitaja. Na usipoitaja, hifadhidata hujichagulia: tangu safu ya siku ya kwanza kabisa hadi ya leo. Basi kila wastani ulibeba miaka kumi na moja ya usalama, na siku tisa za hatari zikayeyuka humo kama chumvi kidogo ndani ya pipa.

Akaandika: safu sita zilizotangulia, na ya leo. Mstari ukapanda wima.

"Yesu wangu," Duane akanong'ona. "Tangu lini?"

"Jumapili ya wiki iliyopita. Siku tisa."

Verna akampigia simu meneja wa mgodi, akamwambia ukingo hautahimili.

"Jana si ulisema shwari?"

"Nilikosea. Kosa ni langu, utaniadhibu baadaye. Watoe watu, bwana!"

Meneja akakata simu. Halafu king'ora kikalia.

Saa kumi na robo alasiri ukingo ulikatika. Watu mia mbili walishaondoka. Orrin Falk, aliyerudi kumchukua mbwa wake, hakuonekana tena.

Jioni, katika ukumbi wa shule walikohifadhiwa, watu walimkumbatia Verna. "Umetuokoa, dada."

"Siku tisa," alijibu kila mara. Wakadhani ni uchovu, wakamletea blanketi.