Afande Aliyekataa Kuingia Majini

Juzi, rafiki yangu, nilikuwa Mlolongo karibu na mizani, lori la mchanga likapita likidondosha maji. Ile harufu ya mchanga mbichi ilinirudisha kijijini kwetu, chini ya Mumbuni, miaka ya tisini.

Mto wetu ulikuwa mkavu karibu mwaka mzima. Tulichimba shimo kwa mchanga, tukangoja maji yapande, halafu tukachota na kikombe mpaka mtungi ujae. Susu, nyanya yetu, alikuwa anasema, "Mto hauna rafiki." Sisi tulicheka. Mbingu ni safi, maji yatoke wapi?

Jirani yetu alikuwa mkubwa kwa nevi, huko Mombasa. Tulimwita Afande. Alipewa medali kwa kuokoa mabaharia meli ikiungua. Akija likizo, wazee walimtania, "Samaki amekuja kusalimia mawe!" Yeye alicheka tu, akipiga shati pasi ya makaa.

Jumamosi moja mimi na dada yangu tulikuwa mtoni tunachota maji, mvua ikanyesha huko milimani na hatukujua. Maji yalikuja yakinguruma, yamebeba magogo. Mimi niliruka nikafika ukingoni. Dada yangu wa miaka sita alikimbilia jiwe kubwa katikati ya mto, na maji yakamzunguka.

Mama alikuja mbio, ameacha muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, motoni, mwiko bado mkononi. Afande akafika bila viatu. Tukashusha pumzi. Lakini hakuingia. Alichomeka kijiti pale maji yalifika, akawazuia wanaume waliokuwa wanavua mashati.

"Hakuna mtu anaingia."

"Ingia, wewe mwanaume!" Mama alipiga kelele. "Ama hizo medali ulipewa za kupigia picha?"

"Mama, bado yanapanda. Mtu akiingia sasa tutatafuta watu wawili."

"Mwoga!" mtu akasema nyuma. "Kumbe huko baharini alikuwa mpishi!"

Mama alitaka kujitupa, Afande akamshika. Mama akamuuma mkono mpaka damu ikatoka, lakini Afande hakumwachilia. Alimwita dada kwa Kikamba, polepole: kaa chini, shika jiwe, niimbie ule wimbo wa Sunday school. Dada aliimba akilia. Maji yakafika miguuni, yakafika magotini. Akinyamaza, Afande alimwanzishia tena, na sauti mbaya kweli. Mimi niliomba neno moja tu, jina la Mungu: Ngai, Ngai.

Halafu povu likabaki kwa kijiti, juu ya maji. Maji yalikuwa yameshuka upana wa kidole. Afande bado akangoja. Yaliposhuka upana wa kiganja, alijifunga kamba ya ng'ombe kiunoni, akawapa wale wanaume waliomtukana waishike, akaingia upande wa juu ili maji yamsukume mpaka kwa jiwe. Alirudi dada akiwa shingoni.

Mama alimchukua mtoto wake, akaenda. Hakusema asante. Aibu ilimfunga mdomo miaka mingi.

Siku ya mazishi ya Afande wanajeshi walikuja na sare nyeupe, wakasoma medali zote. Zote za bahari. Mama aliomba maiki. "Mimi ndiye nilimuuma mkono," akasema. "Alikuwa anashikilia mtoto wangu na mimi, wote wawili. Asante, Afande." Akarudisha maiki. Mkono wenyewe ulikuwa ndani ya sanduku, umefunikwa na bendera.

Sasa Mama pia amelala. Ule ukingo umeliwa na mto, hata siwezi kukuonyesha Afande alisimama wapi. Lakini mimi nikiwa na asante ya mtu, jua halitui kabla sijampa.